Nilichojifunza kwenye meza ya mipaka ya majimbo

Nimewahi kufanya kazi ya ukarani katika zoezi la kuchora upya mipaka ya majimbo ya uchaguzi. Mchana niliandika kumbukumbu za vikao vya maoni ya wananchi. Jioni niliketi na wataalamu wa ramani, tukiingiza mapendekezo ya siku hiyo kwenye kompyuta tuone kama yanatekelezeka. Sikuwa na kauli katika uamuzi wowote, na pengine ndiyo maana niliona mengi: watu hawajichungi mbele ya karani.

La kwanza nililoliona ni kwamba hakuna anayekuja kikaoni kuomba jimbo lake liunganishwe na la jirani. Wote huomba kugawiwa. Wazee kwa vijana, wa chama tawala na wa upinzani, kilio ni kimoja: eneo letu ni kubwa, mbunge hatumfikii, tupeni jimbo letu. Ukisikiliza juu juu utadhani shida ni uwakilishi tu. Lakini penye utaratibu wa kutoa fedha za maendeleo kwa kila jimbo, mpaka mpya ni mfuko mpya. Kenya ilianza utaratibu huo mwaka 2003, na sheria ya wakati ule iligawa asilimia 75 ya fedha sawa kwa sawa kwa kila eneobunge, yaani jimbo la uchaguzi kwa lugha ya Kenya, liwe na watu wachache au watu lukuki. Asilimia 25 tu ndiyo iliyofuata hali ya umaskini. Kwa mpango huo, mkazi wa jimbo dogo ananufaika mara mbili. Kura yake ina uzito zaidi, na fungu lake la fedha ni nono zaidi. Nani basi atakubali kuunganishwa?

Nikitazama nyuma naona kwamba nusu ya ugomvi wa mipaka ungepoa kama fedha zingefuata vichwa vya watu badala ya kufuata viti. Hilo halikuwa mikononi mwetu. Tulipewa majimbo na sensa, tukaambiwa tupige hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Unachukua idadi ya watu wote, unaigawa kwa idadi ya majimbo, unapata wastani. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Ukigawa kwa maeneobunge 290 unapata kama watu 164,015 kwa kila moja. Kisha sheria inaruhusu kupotoka kidogo kutoka kwenye wastani huo, na hicho "kidogo" ndicho kila nchi inakielewa kivyake. Katiba ya Kenya, kifungu cha 89, inaruhusu tofauti ya asilimia 40 kwa majiji na kwa maeneo yenye watu wachache waliotawanyika, na asilimia 30 kwingineko. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2020, tofauti ni asilimia 5 tu, na wao wanahesabu waliojiandikisha kupiga kura, si wakazi wote. Marekani, kwa viti vya Baraza la Wawakilishi, mahakama zinabana zaidi: mwaka 1983 Mahakama ya Juu iliikataa ramani ya New Jersey, moja ya majimbo yanayounda nchi hiyo, ambayo tofauti kati ya jimbo la uchaguzi kubwa na dogo haikufika hata asilimia moja.

Sheria hizi hazikushuka tu. Zilitokana na uonevu uliokaa muda mrefu. Old Sarum, kule Uingereza, palikuwa kilima kisicho na wakazi wa maana, ila palipeleka wabunge wawili hadi mwaka 1832, wakati Manchester yenye viwanda haikuwa na mbunge wake hata mmoja. Tennessee ilikaa tangu mwaka 1901 bila kugusa mipaka ya viti vya bunge lake la jimbo, watu wakihamia mijini na viti vikibaki mashambani, mpaka mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokubali kwamba jambo hilo linaweza kushtakiwa. Miaka miwili baadaye Jaji Mkuu Earl Warren akaandika kwamba wabunge huwakilisha watu, si miti wala ekari. Na tusiende mbali. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilikuta watu zaidi ya laki tisa Embakasi, jijini Nairobi, wakiwa na mbunge mmoja. Lamu Mashariki, nayo yenye mbunge mmoja, haikufika watu elfu ishirini. Mwaka 2012 Embakasi ikakatwa vipande vitano.

Kwa hiyo wengi wanapozungumzia haki katika mipaka wanakuwa na picha ya Embakasi na Lamu vichwani: majimbo yatoshane, basi, haki imetendeka. Hata mimi niliingia kazini na wazo hilo. Kompyuta ndiyo iliyonifundisha kwamba idadi inaweza kutoshana barabara na haki isiwepo.

Niwaeleze jinsi kazi inavyoonekana. Ramani kwenye kioo imekatwakatwa kuwa vipande vidogo vidogo, kila kipande ni eneo la kuhesabia watu katika sensa, na kina namba yake. Unabofya kipande kilicho mpakani, kinageuka kutoka kijani kuwa rangi ya chungwa. Papo hapo jedwali lililo pembeni linajihesabu upya: jimbo hili limepungua watu 1,140, lile limeongezeka watu haohao, tofauti na wastani imeshuka kutoka asilimia 28.6 hadi 27.9. Bofya moja tu. Ndani ya kipande kile kuna mitaa, kuna watu wanaoamka asubuhi wakiwa na mbunge mwingine bila ya wao kuhama. Mtaalamu niliyekaa naye alikuwa na mazoea ya kuondoa mkono kwenye kipanya kila baada ya kubofya, akasoma jina la mahali kwa sauti kabla ya kuendelea. Mwanzoni nilimwona anapoteza muda. Baadaye nilielewa kwamba namba hazikutaji majina, na yeye hakutaka kuyasahau.

Sasa chukua mfano niliozoea kuwapigia wenzangu. Mkoa una wapigakura 500,000 na majimbo matano, kila jimbo wapigakura 100,000 kamili, tofauti sifuri. Chama cha kwanza kina wafuasi 300,000, cha pili 200,000. Wakitawanyika sawasawa, chama cha kwanza kinashinda majimbo yote matano, 60,000 kwa 40,000 kila mahali, na watu laki mbili hawana mbunge hata mmoja. Sasa mpe kalamu mtu wa chama cha pili. Anawarundika wafuasi wa mpinzani wake kwenye majimbo mawili, 90,000 kila moja, halafu wale 120,000 waliobaki anawapasua mafungu matatu ya 40,000. Matokeo: chama cha pili, chenye asilimia 40 ya kura, kinatwaa majimbo matatu kati ya matano. Hakuna sheria ya idadi iliyovunjwa. Mkaguzi akija na kikokotoo chake atagonga mhuri na kwenda zake.

Mtu akiniambia huo ni mfano wa kubuni, nampa North Carolina, kule Marekani. Mwaka 2016 wabunge wa Republican walipochora upya viti 13 vya jimbo lao, mmoja wa waliosimamia kazi hiyo alisema hadharani kwamba anapendekeza ramani ya viti 10 kwa 3 kwa sababu haoni kama inawezekana kupata 11 kwa 2. Jimbo lenyewe ni la vuta nikuvute, vyama viwili vinakaribiana. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2019, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ikaamuliwa kwamba mahakama za shirikisho hazina la kufanya kuhusu upendeleo wa kichama kwenye ramani. Wisconsin nako, mwaka 2018, Democrats walipata zaidi ya nusu ya kura zote za bunge la jimbo na wakaambulia viti 36 kati ya 99. Hapo ndipo anayetaka haki ya mipaka anapotakiwa kuacha kutazama jedwali peke yake.

Penye tofauti kubwa inayoruhusiwa, mchezo ni rahisi hata zaidi, wala hauhitaji ramani yenye mikia na pembe. Kwa wastani wa Kenya wa sasa, asilimia 30 juu ni karibu watu 213,000, na asilimia 30 chini ni karibu 115,000. Jimbo moja linaweza kukaribia kuwa mara mbili ya jirani yake na yote mawili yakawa halali. Jimbo moja moja halikuambii kitu. Inabidi upange jedwali lote kuanzia jimbo kubwa hadi dogo, kisha utazame nani yuko juu na nani yuko chini. Ukikuta ngome zote za upande mmoja zimeelemewa kwa asilimia ishirini na kitu, na za upande wa pili zote zimepunguziwa kwa kiasi hichohicho, kuna jambo. Mara nyingi nilichokiona juu ya orodha ni miji: vitongoji vinavyojaa wapangaji kila mwaka, watu ambao hawaji kikaoni kwa sababu kikao hufanyika saa za kazi, na ambao wakiulizwa kwao ni wapi hutaja mahali pengine kabisa. Hawakuwa na mzee wa kuwasemea. Walioonewa zaidi kwa namba ndio walikuwa kimya zaidi ukumbini, na sidhani kwamba ni kwetu tu.

Vikao vyenyewe ni darasa. Kuna maombi ya maandishi yanayoletwa kwa mafungu, kurasa ishirini ishirini, kila moja na jina lake na alama ya kidole, yote yakiwa na kosa lilelile la tahajia kwenye aya ileile. Karani huliona hilo haraka kuliko mwenyekiti. Si kwamba waliotia dole gumba hawana hoja. Wengi walikuwa nayo. Ila aliyeandika alikuwa mmoja, na mara nyingi huyo mmoja alikuwa anautaka ubunge.

Hoja iliyonisumbua zaidi ni ya undugu. Sheria nyingi huruhusu tume kuzingatia historia, uchumi, utamaduni na mawasiliano ya watu wa eneo. Kenya imeyataja hayo katika katiba yenyewe, pamoja na sura ya nchi na miji. Ni jambo jema. Watu wanaotumia kisima kimoja, barabara moja na shule moja wana haja ya kuwa na mbunge mmoja wa kumsumbua. Nilimsikiliza mama mmoja aliyeeleza vizuri kuliko mwanasheria yeyote: hakutaja kabila wala ukoo, alieleza tu akiugua anapelekwa wapi, mazao anauzia wapi, mvua ikinyesha njia ipi inakatika. Kwa maelezo yake peke yake ungeweza kuchora mpaka. Lakini dakika kumi baadaye akasimama mwingine akitumia maneno yaleyale ya sheria, utamaduni na historia, na alichokuwa anasema kikiondolewa mapambo ni hiki: msituchanganye na wale. Alitaka jimbo ambalo atakayeshinda anajulikana tangu siku ya kuzaliwa. Sheria ni moja, maneno ni yaleyale, nia ziko mbalimbali kama mashariki na magharibi. Mimi nilijiwekea kipimo changu: hoja ikieleza watu wanafanya nini pamoja, niliiandika kwa urefu, ikieleza hawataki kuwa na nani, niliiandika kwa kifupi. Kumbukumbu rasmi zinataka yote yaandikwe sawa, najua.

Kwenye suala la nani ashike kalamu, nimekuwa mtu wa msimamo. Wabunge wasijichoree majimbo yao. Baadhi ya nchi zilishalimaliza hili zamani: New Zealand ilianzisha tume yake mwaka 1887, Kanada imekuwa na tume huru tangu mwaka 1964. Hata Marekani kwenyewe jimbo la Iowa, tangu miaka ya 1980, hukabidhi kazi hiyo kwa ofisi ya watumishi wa bunge wanaokatazwa kutumia takwimu za kura za nyuma, usajili wa vyama au anwani za wabunge waliopo. Rasimu mbili za kwanza wabunge huzikubali au kuzikataa tu, bila kuzirekebisha. Naipenda kanuni hiyo ya kuficha kwa sababu nimekaa mbele ya kile kioo. Ukijua nani alishinda wapi, mkono unaanza kutafuta sababu nzuri za kubofya.

Lakini tume huru nayo si dawa ya kila kitu. Huteuliwa na mtu. Tanzania, Tume ya Uchaguzi hugawa majimbo kwa kibali cha Rais, kwa mujibu wa ibara ya 75 ya Katiba. Mei 2025 ilitangaza majimbo mapya manane, yakiwemo Kivule na Chamazi jijini Dar es Salaam na Mtumba jijini Dodoma, ikafikisha majimbo 272. Kuongeza ni njia ya upole, kwa sababu hakuna anayenyang'anywa. Kisichosemwa sana ni kwamba bunge linazidi kuwa kubwa, na ambao hawakuongezewa wamepunguziwa uzito bila kelele. Wakati nao una siasa zake. India imeugandisha mgawanyo wa viti kati ya majimbo yanayoiunda kwenye sensa ya mwaka 1971, kwanza kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 1976, kisha mwaka 2001 ikaongeza muda hadi sensa ya kwanza baada ya mwaka 2026. Sababu ina mantiki: majimbo ya kusini yaliyofaulu kupunguza uzazi yasiadhibiwe kwa kupoteza viti. Ila kwa miaka yote hiyo mtu wa kaskazini amekuwa na kura nyepesi. Sijui mtu anayeweza kuitatua hiyo kwa hesabu.

Nirudi kwenye meza yetu. Kati ya makundi yote yaliyokuja, lililobadilisha ramani lilikuwa dogo na halikupiga kelele. Walikuwa walimu wastaafu na vijana wachache. Walileta karatasi moja ya ramani waliyoichora kwa kalamu za rangi, wakaonyesha kata wanayoomba ihamishwe kwenda jimbo la pili, halafu wakafanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya: wakaonyesha kata ya upande wa pili itakayorudi kufidia pengo, idadi ya watu ikiwa imeandikwa kwa penseli kando ya kila moja. Waliambatisha barua ya wazee wa kata hiyo ya kufidia wakisema hawana kinyongo. Mwenyekiti aliinamia ile karatasi muda mrefu. Jioni tuliiingiza kwenye kompyuta na namba zikakaa. Wengine wote walikuja na madai. Hawa walikuja na jibu la swali ambalo tume ingelazimika kujiuliza, yaani ukimpa huyu, unamtoa nani?

Tangu hapo, mtu akiniomba ushauri kabla ya kwenda kutoa maoni, namwambia aandae kipande hicho cha pili kwanza. Pia asisubiri ramani ya mwisho. Rasimu ndiyo yenye masikio. Tangazo likishatoka kwenye Gazeti la Serikali, kinachobaki ni mahakama, na muda ni mfupi. Kenya ni siku 30 tu za kupeleka ombi la kupitiwa upya. Na aombe sababu kwa maandishi. Tume inayoeleza kwa nini mto ulifuatwa hapa na barabara ikafuatwa pale inaweza kupingwa kwa hoja. Inayotoa ramani tupu inaacha nafasi ya uvumi tu.

Kenya ndiko ninakokutazama kwa makini sasa. Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua minane na isiyozidi kumi na miwili. Mapitio ya mwisho yalikamilika Machi 2012, kwa hiyo muda uliisha Machi 2024, wakati tume ya uchaguzi haikuwa hata na makamishna: walikosekana tangu mapema mwaka 2023 hadi Julai 2025. Baadhi ya takwimu za sensa zenyewe, za kaskazini mashariki, zimepingwa mahakamani. Na mapitio ya kwanza chini ya katiba mpya yalikuwa na kinga, kwamba hakuna eneobunge lililokuwepo litakalofutwa. Kinga hiyo ilikuwa ya mara moja. Idadi ya 290 imeandikwa ndani ya katiba, kwa hiyo tume haiwezi kuongeza. Ikitaka kuupa mji uliofurika mbunge wa pili, lazima kiti kitoke mahali.

Lamu Mashariki, sensa ya mwaka 2019, ilikuwa na watu 22,258. Hata ukitumia punguzo lote la asilimia 40, kiwango cha chini ni kama watu 98,400. Wengi wa watu wake wako visiwani, na safari ya huko ni ya mashua. Uingereza ilipokutana na visiwa vyake haikujifanya kwamba hesabu inakubali: iliandika waziwazi kwenye sheria viti vitano vya visiwa visivyoguswa na ile asilimia 5, vikiwemo vya Orkney na Shetland, na karibu vingine vyote vikabanwa. Mimi ningefanya hivyo. Ningewaachia watu wa visiwani mbunge wao, kwa jina, ndani ya sheria, baada ya mjadala wa hadhara ambapo mtu wa Embakasi ameulizwa kama anakubali kulipia. Huenda akakataa, na ana haki ya kukataa.